Akikukosa ndugu, anza na yeye mwenyewe

Nilimweleza dada mmoja wa kanisani siri ya ndoa yangu. Wiki iliyofuata kikundi kizima cha maombi kilijua. Anasema alitaka tuombewe. Nihame?

Pole sana, dada. Kutangaza siri ya mtu ni umbeya, hata kama mwisho wake watu wanasema Amina. Lakini kabla hujahama, kaa naye. Yesu alisema, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu" (Mathayo 18:15). Hatua hii wengi tunairuka: tunakwenda kwanza kwa mchungaji, au tunamnunia mtu miezi mitatu bila yeye kujua kosa lake. Mwambie alichofanya na jinsi kilivyokuumiza. Asiposikia, mstari wa 16 unakuelekeza uende na mmoja au wawili. Siri nyingine usimpe kwa sasa.

Mwenzangu katika biashara alinidhulumu fedha. Ameomba radhi, nami nimemsamehe. Sasa anataka tuanze upya, na nikisita anadai sijasamehe kwa moyo.

Soma 1 Samweli 26 taratibu. Usiku Daudi aliingia kambini mwa Sauli, mtu aliyekuwa akimwinda amuue. Alimkuta amelala, akachukua mkuki wake na gudulia la maji, lakini hakumgusa. Sauli alipojua, alikiri amekosa, akamsihi Daudi arudi na kuahidi hatamdhuru tena. Maneno mazuri, ila Daudi alikwisha kuyasikia yanayofanana nayo: katika sura ya 24 Sauli alilia machozi, kisha akarudi kumwinda. Basi Daudi alisema kijana mmoja avuke aje auchukue mkuki. Hakuupeleka mwenyewe. Sura inaisha Daudi akienda zake na Sauli akirudi kwake.

Ndugu yangu, hakuna anayeweza kusema Daudi hakusamehe. Aliacha kisasi mikononi mwa Mungu, lakini hakurudi kukaa mahali alipokuwa akirushiwa mkuki. Nawe umeshaacha kisasi; uaminifu ni wa huyo mwenzako kuujenga upya, tena kwa matendo. Nikuulize: fedha zako amezirudisha? Zakayo alipoguswa na Bwana hakuishia kusema samahani, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Anayekutumia neno "msamaha" kukuharakisha uingie tena katika hesabu naye bado hajaelewa alichokukosea.

Rafiki wa kanisani ananiomba nimdhamini apate mkopo. Nikikataa nitakuwa sina upendo?

Hapana. Mithali 22:26-27 inakataza kumdhamini mtu kwa deni usiloweza kulilipa. Kama una kidogo, mpe kama zawadi, na mwambie wazi kwamba dhamana huwezi. Mwambie leo, asiendelee kukutegemea.

Tulikosana na mwenzangu wa huduma kuhusu kijana mmoja tuliyekuwa tukimlea. Kila mtu sasa anahudumu kivyake. Ni dhambi?

Paulo na Barnaba walitengana kwa ugomvi mkali juu ya Yohana Marko, aliyewaacha safarini (Matendo 15:36-40). Luka, aliyeandika kitabu hicho cha Matendo, hakuuficha, wala hatuambii nani alikuwa na haki. Kutengana si lazima iwe dhambi. Chunguza unavyomsema mwenzako asipokuwapo. Na mlango wa yule kijana usiufunge. Miaka baadaye, akiwa kifungoni, Paulo alimwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11).