Maswali ya wasomaji: Kadi ya marehemu haifufui gari

Wiki hii simu yangu imejaa swali moja lililobadilishwa kanzu: naweza kulivisha gari langu namba na kadi ya usajili ya gari jingine? Wengine wanaliita kuhamisha namba, wengine kuokoa kadi, na bwana mmoja wa Njiro kaliita "kuoanisha nyaraka". Naanza na huyo.

Nimepata Land Rover 109 nzima, chesisi na bodi, ila haina kadi. Jirani ana kadi ya 109 iliyokufa zamani, anataka laki tano. Fundi atasaga namba iliyopo agonge ya kwenye kadi. Ubaya uko wapi, zote si Land Rover? – Njiro, Arusha

Na wewe na jirani yako nyote si binadamu? Mbona humkopeshi kitambulisho chako?

Hukujiuliza swali la kwanza: kwa nini gari hilo halina kadi? Pengine kadi ilipotea mikononi mwa wenyewe. Pengine lilikuwa la shirika au misheni, likauzwa kwa mnada na makaratasi yakabaki kwenye kabati la mtu aliyestaafu. Au liliibwa. Kwa hizo mbili za mwanzo njia ipo, ndefu lakini ipo: mtafute mmiliki wa mwisho aliyesajiliwa kupitia hiyo hiyo namba ya chesisi, chukua taarifa ya upotevu polisi, nenda kwa wakili ukale kiapo, kisha TRA (Mamlaka ya Mapato). Ukishasaga namba umeifuta njia yote. Kitu pekee ambacho kingeonyesha kwamba gari si la wizi umekigeuza unga wa chuma kwenye sakafu ya gereji, na kuanzia hapo hata kama ulilinunua kihalali unaonekana mwizi.

Isitoshe, kusaga hakufichi. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini ya herufi hubanwa. Mtaalamu akipasugua pakang'aa na kupaka asidi, namba ya zamani huweza kuchomoza tena, hafifu lakini inasomeka. Fundi wako analijua hilo. Muombe akuandikie risiti yenye maneno "kusaga namba" uone atakavyokumbuka ana msiba Machame.

Nikitoa injini ya petroli nikaweka ya dizeli, nimebadili namba ya gari? – Kijenge

Umebadili namba ya injini. TRA wajulishwe, kadi irekebishwe. Nimelijibu hili hadi nimechoka, na bado watu wanatembea na kadi inayosema petroli huku gari linatoa moshi mweusi toka Kijenge hadi Sakina.

Chesisi ya Land Rover yangu ya Series III imeoza kabisa. Ndugu yangu aliye Uingereza amenitumia mpya. Niigonge namba ya zamani, au nitakuwa nimefanya yale unayoyakemea kila siku? – Soweto, Moshi

Swali zuri, na ndilo pekee wiki hii lililoulizwa na mtu mwenye wasiwasi. Wenye hila huwa hawana wasiwasi.

Land Rover ya zamani ina bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Bodi inadumu, chuma kinaliwa, hasa gari likishafanya kazi kwenye magadi ya Natron. Kwa hiyo kubadili chesisi si dhambi, ni matengenezo. Waingereza wenyewe kwa miaka mingi walipima kwa alama: chesisi ya asili, au mpya ya aina ile ile, alama 5; suspensheni, eksel, gia boksi na usukani alama 2 kila kimoja; injini 1. Aliyefikisha 8 gari lake lilibaki na jina lake. Angalia injini ilivyodharauliwa hapo, wakati huku kwetu mtu anapiga kifua kwamba gari ni "orijino" kwa sababu ya injini tu.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya London ilisikiliza kesi ya gari la Bentley lililoshinda mbio za Le Mans 1929 na 1930. Lilikuwa limeuzwa pauni milioni 10, mnunuzi akagoma akisema vyuma vingi si vile vilivyokimbia. Jaji aliona kwamba gari lilibadilishwa kidogo kidogo, miaka nenda rudi, bila kukoma kuwa gari lile lile na bila gari jingine kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa.

Mimi nasimama hapo hapo. Ulianza na gari moja lenye jina moja. Ukimaliza, liwe gari moja lenye jina moja. Bwana wa Njiro anaanza na magari mawili, anamaliza na moja, na lile la pili limezikwa bila kaburi.

Ila usigonge chochote kabla hujapeleka barua na picha TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi. Wakikubali, kata kile kipande chenye namba kwenye chesisi ya zamani (kwa Series III ni mbele kulia, kwenye mkono wa springi) ukihifadhi. Chesisi iliyobaki ikatwe vipande mbele ya macho yako. Usimpe fundi "akaitupe". Nimeona chesisi za kutupwa zikirudi mjini zimepakwa rangi.

Gari letu la utalii lilikatwa chesisi likarefushwa. Namba bado ni halali? – Ngarenaro

Ni halali, mradi kipande chenye namba hakikuguswa na maumbile mapya yanajulikana kwenye kadi. Ningekuwa wewe ningemuuliza zaidi aliyechomelea, maana humo ndani mnakaa watu saba kwenye mteremko wa Ngorongoro.

Mmarekani anataka Land Rover Defender yangu ya 2006. Kwao lazima iwe imefikisha miaka 25. Tuweke kibati cha namba cha gari la 1988? – Usa River

Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilikamata Defender 40 kwa mpigo, ikidai ziliingizwa kwa namba zisizo zake. Wewe utakuwa umekula hela yake, yeye ataliona gari lake likibebwa na winchi. Kesho yake akija Mtanzania mwenye Land Rover halali ya 1988, nani atamwamini? Subiri 2031.

Timu kubwa za rali zilikuwa zikihamisha namba, mbona mnatuonea sisi? – Majengo, Moshi

Kweli, timu ya BMC, kampuni iliyounda Mini, pale Abingdon Uingereza ilikuwa ikizivisha Mini zake za rali bodi mpya huku plate zikibaki zile zile. Kwao lilikuwa gari la kazi. Leo wanaozinunua kwa bei ya nyumba wanabishana ipi ni ipi. Usitumie fujo yao kama ruhusa.

Nitajuaje namba ninayoonyeshwa imechezewa? – Himo

Nenda mchana, na brashi ya waya yako mwenyewe. Tazama kama herufi zimekaa mstari na kina kimoja, kama rangi mpya iko hapo tu na kwingine ni kutu, kama ribiti za kibati zinang'aa kuliko kibati. Namba ya tarakimu na herufi 17 ilienea miaka ya 1980, na haina I, O wala Q. Mtu akikuonyesha ya 17 kwenye gari la 1968, muage. Akikuuzia "Series II ya 1955" pia muage, Series II ilitoka 1958. Muuzaji akikataza brashi kwa sababu "utaharibu rangi", usimlipe dalali hata nauli.

Baba alifariki, gari lake tuliuza skrepa, kadi iko kabatini. Dalali anakuja kila Jumamosi kuiulizia. – Marangu

Jina lililo kwenye kadi hiyo ni la mzee wako. Gari lililovaa namba yake likikamatwa Namanga au Holili na mzigo usioelezeka, polisi wataanza kutafuta familia yake. Piga nakala moja ya kumbukumbu, kisha kadi na plate zipelekwe TRA usajili ufutwe. Mpeleke kaka mkubwa siku ya Ijumaa, ili Jumamosi mama akimkaribisha dalali chai, iwe chai tu.