Kanga za Marehemu Mama na Mfarishi Ulioshonwa kwa Mkono

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Arusha aliniandikia ujumbe mrefu ambao ilinibidi niusome mara mbili. Bibi yake amefariki na kumwachia mfuko uliojaa kanga, baadhi zikiwa bado doti nzima zisizokatwa, na nyingine zimevaliwa hadi zikawa nyepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Hana moyo wa kuzigawa zote, wala haoni faida ya kuziacha kabatini. Ameona picha ya mfarishi ninaoutandika kitandani kwangu, ule uliounganishwa kwa vipande vya kanga na kutiwa blanketi katikati, naye anataka kujua kama azipeleke kwa fundi wa cherehani amshonee mfarishi kama huo kwa siku moja au mbili, au ajifunze kushona mwenyewe.

Nilimjibu siku ile ile kwamba asizipeleke popote. Sababu zake hazikuenea katika ujumbe wa simu, na kwa kuwa najua wengi wenu mna mfuko kama huo nyumbani na mnatamani kazi kama hiyo, naziandika hapa kwa urefu.

Sina ugomvi na cherehani. Mapazia yangu na sare za watoto wangu hushonwa na fundi, tena kwa bei ya haki, na mshono wa mashine wenye nyuzi mbili zinazofungana ni imara kuliko wangu. Lakini fundi hupokea mfuko wa vitambaa na kutoa mfuko wa kazi iliyokamilika, na yote yaliyo matamu katika jambo hili hutokea katikati ya hayo mawili. Ukimpa fundi kanga za bibi yako, utapata mfarishi, naye atakuwa amepata zile saa ambazo wewe ulistahili kukaa nazo.

Mimi nilizaliwa na kukulia Tanga, katika nyumba ambayo wanawake hawakukaa barazani bila kitu mikononi. Mama alisuka ukili na kushona mikeka, akarekebisha nguo zetu, akatia nakshi foronya za wageni. Sindano ya mkono alinifundisha kabla sijajua kusoma vizuri: kupiga bandi kwanza, yaani kupitisha sindano juu na chini ya kitambaa, kisha shulu, kisha kupinda. Niliolewa, mume wangu akahamishiwa kazi Njombe, na huko nikakutana na baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuifikiria. Juni na Julai tunalala tumejifunika blanketi mbili, na ukipanda kuelekea Makete, katika uwanda wa Kitulo, nyasi huamka zimefunikwa na sakitu. Ni mahali ambapo mfarishi una kazi ya kufanya.

Mama alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nguo zake zilitolewa sadaka kama ilivyo desturi yetu, na sisi mabinti tukaachiwa kanga tugawane. Fungu langu lilikuwa na kisutu chake cha harusi, rangi nyekundu ikiwa imefifia, pamoja na ile kanga aliyombebea mdogo wangu wa mwisho mgongoni. Nilizihifadhi kwa muda mrefu. Nilipoamua kuzikata na kuzishona upya, wifi yangu mmoja alisema mbele ya watu, katika shughuli ya familia, kwamba mtu mwenye adabu hawezi kutia mkasi kanga za mama yake na kuzigeuza matambara, na kwamba viraka ni vazi la wasio na uwezo. Watu walicheka. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima ya mwenye shughuli, lakini sitaficha kwamba maneno yale yaliniuma, na hata leo ninapoandika yananiuma. Ninawaandikia ili mjue kwamba atakayeanza kazi hii atasikia maneno ya namna hiyo, tena kutoka kwa walio karibu naye.

Jibu ambalo sikulitoa siku ile ni hili. Kanga yenyewe, kwa mujibu wa historia inayosimuliwa katika pwani yetu, ilizaliwa kutokana na vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa Mombasa na Unguja walinunua leso za kufutia jasho, zilizochapwa na kuuzwa zikiwa zimeungana katika gora moja. Badala ya kuzitenganisha moja moja, walikata urefu wa leso tatu, wakakata mwingine wa leso tatu, kisha wakaviunga viwili hivyo kwa sindano hadi wakapata nguo moja pana ya leso sita. Ndiyo maana wengi wetu mpaka leo tunaiita leso. Wafanyabiashara waliona mavazi hayo yanapendwa, wakaagiza vitambaa vilivyochapwa vizima, vyenye mji na pindo lake, na baadaye jina, yaani yale maneno ya kanga, likaongezwa. Bibi wa bibi zetu waliunga vipande na wakawa ndio walioongoza mitindo ya mji. Nani basi atasema kwamba kuunga kanga ni kuivunjia heshima?

Wala si sisi peke yetu. Huko Alabama, Marekani, katika kitongoji cha Gee's Bend kilichozungukwa na mto pande tatu, wanawake weusi ambao wazee wao walitumikishwa katika mashamba ya pamba wameshona mifarishi kwa vizazi kadhaa, wakitumia suruali za kazi zilizochakaa na magunia. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alishona mfarishi kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki, ili ajifunike na kumkumbuka. Mifarishi ya kijiji kile ilionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York kuanzia mwaka 2002, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu. Nilipojua habari ya mama yule niliacha kabisa kujali maneno ya shughulini, au angalau niliacha kuyaruhusu yanizuie.

Sasa kazi yenyewe. Fua kila kitambaa kabla ya kukata, hata kama unaona ni safi. Kanga mpya ina wanga na hurudi inapofuliwa, na nyekundu na nyeusi huchuja. Wapo wanaosema chumvi hushika rangi. Mimi naamini maji mengi na kuloweka mpaka maji yatoke meupe. Ukishafua, inua kila kanga mbele ya dirisha. Sehemu zilizochoka zitaonekana, nazo usizitumie zikiwa peke yake, bali zipachike juu ya kipande cha bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, ili zipate nguvu. Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa. Kipande kilichokatwa hanamu hunyumbuka, na mraba ulionyumbuka hautakutana na mwenzake hata ukiuvuta. Tumia kadibodi nene kama kipimo, mraba wa inchi 6, na acha nusu inchi ya mshono kila upande, kwa sababu kanga kuukuu hufumuka upesi.

Kisha kaa chini ushone. Sindano nyembamba, uzi wa pamba, kastabini, ile kofia ndogo ya kukinga kidole, katika kidole cha kati. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, kwani mrefu zaidi ya hapo hujifunga mafundo. Uzi wa nailoni uuache, maana ni mgumu kuliko kitambaa kilichozeeka, na siku mshono utakapovutwa, kitambaa ndicho kitakachochanika. Piga bandi fupi, na kila baada ya bandi chache rudi nyuma mara moja, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote usifumuke. Bandi fupi. Nitalirudia hili mpaka mnichoke, kwa sababu hakuna siri nyingine kubwa kuliko hiyo.

Hapa ndipo raha ilipo, na sijui kama maneno yatatosha kuieleza. Mkono ukishazoea, sindano huchukua bandi tatu au nne kwa pamoja, kitambaa kinakunjana juu yake, kisha unavuta uzi wote na kusikia sauti yake ukipita katika pamba. Macho yako yako karibu na kitambaa kuliko yalivyowahi kuwa wakati kilipokuwa kinavaliwa. Katika kisutu cha mama niliona mahali alipopinda upya ukingo kwa bandi zake mwenyewe, ndogo na zilizolingana, ambazo sikuwahi kuziona alipokuwa hai. Sikuzifumua. Nilipanga kipande kile ili mshono wake uonekane juu, karibu na mto. Fundi wa cherehani, kwa haraka ya kazi yake, angekata hapo hapo, na asingekuwa na kosa lolote.

Hatua ya kuunga safu sitaieleza sana. Ni mraba kwa mraba, safu kwa safu, na pasi baada ya kila safu. Kazi ngumu zaidi ni kuweka tabaka. Mimi hutandika chini bafta iliyozidi pande zote kwa inchi mbili, juu yake blanketi jepesi lililokwisha kutumika, kisha uso wa vipande. Msitumie sufi. Ni nzuri kwa mito, lakini ndani ya mfarishi husogea na kujikusanya pembeni hata ukishona kwa karibu. Ondoa mikunjo, funga tabaka zote kwa bandi kubwa kubwa ukianzia katikati ukienda nje, ndipo uanze bandi ndogo za kudumu, nazo pia zikianzia katikati, ili hewa na mikunjo visukumwe kuelekea ukingoni.

Wapo wanaofanya kinyume, na wanafanya vizuri sana. Wasidi wa Karnataka, nchini India, ambao asili yao ni Afrika na baadhi ya wazee wao walitokea pwani yetu hii ya mashariki, hushona mifarishi yao iitwayo kawandi kwa kuanzia pembeni, wakipachika vipande vya sari na nguo kuukuu huku wakizunguka, mpaka mistari ya bandi inakutana katikati. Katika pembe nne huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa waviitavyo maua, na bila hivyo mfarishi huhesabiwa kuwa haujavikwa nguo. Nimejaribu njia yao katika mfarishi wa mtoto na nikaipenda, kwa sababu haidai kuunga uso mzima kwanza. Kwa anayeanza naona ni rahisi zaidi, na huyo msomaji wa Arusha namshauri aanze nayo, kwa kipande kidogo kinachotosha mtoto mchanga.

Pindo la kanga usilitupe. Likate kwa urefu, likunje mara mbili, nalo litakuwa ukingo wa mfarishi wako, zuri kuliko utepe wowote wa dukani. Majina nayo yakate mazima na uyatunze. Katika mfarishi wangu jina moja tu ndilo lililoachwa lisomeke, "Wema hauozi", nami nililiweka upande wa miguuni ili mtu anayeingia chumbani alisome akiwa mlangoni.

Mtaniambia hamna nafasi. Ndugu zangu, nafasi tunayo, ila tumeigawa kwa mambo yasiyobakiza kitu mkononi. Jioni moja iliyotumika kutazama maisha ya watu wengine katika simu inatosha kuunga safu nzima. Wafundisheni watoto, wa kike na wa kiume, maana kijana asiyejua kushona kifungo chake anategemea hisani ya mtu. Wakae karibu wakati mnashona, wawaulize kanga hii ilikuwa ya nani na ile ilivaliwa lini, nanyi muwajibu bila kuinua macho kutoka katika sindano. Nimeona mazungumzo yakitoka kwa urahisi mikono inapokuwa na kazi, hata kwa watu ambao wakikaa uso kwa uso hawana la kusema.

Kuhusu kuuza, ambalo pia huulizwa kila mara: mfarishi wa kwanza usiuuze. Hautapata bei inayolingana na saa zako, na utajikuta unaipunguza mwenyewe kwa aibu. Ushone, uutumie, uone unavyofuliwa na mahali unapochakaa, ndipo ujue thamani yake na uitaje bila kusitasita. Wifi yangu aliniagiza mwaka huu mfarishi kwa ajili ya mjukuu wake. Nilimtajia bei kamili, akalipa, na nikamshonea kwa bandi fupi zile zile ninazojishonea mimi.

Mwisho ni kufua, kwa kuwa wengi huharibu kazi yao hapo. Loweka katika beseni kubwa lenye maji baridi na sabuni kidogo, ukandamize kwa viganja bila kusugua, suuza mpaka povu liishe. Usiukamue kwa kuusokota, kwani uzito wa blanketi lililolowa hukata bandi. Ukunje, uukalie maji yatoke, kisha uutandaze juu ya kamba mbili zilizo sambamba, upande wa bafta ukielekea juani na uso wa kanga ukiwa kivulini.