Barua kwa mwanangu: kuhusu mishipa 72,000 na mkono wako uliojikunja

Mwanangu, meseji yako niliisoma jana usiku nikaona siwezi kuijibu kwa simu, bora nikae niandike. Unasema mwalimu wa yoga kawahemesha haraka haraka kwa nguvu kama dakika kumi, midomo ikaanza kufa ganzi, vidole vikawa vinachoma kama sindano, halafu mkono wa kulia ukajikunja wenyewe, na yeye akakwambia usiogope, mwili una mishipa ya nguvu 72,000 na hiyo yako ndo inafunguka. Ukaniuliza, mama hiyo mishipa ipo kweli au nimedanganywa?

Nianze na mkono manake huo naujua. Miaka yangu yote ya leba nimeuona, sana sana kwa wale wa uzazi wa kwanza, uchungu ukikolea mtu anaingiwa na hofu anahema mbio mbio, mara anapiga kelele nesi mikono yangu! Ukiangalia, kidole gumba kimeingia kiganjani, vingine vimenyooka vimebanana, kifundo kimepinda chini, hata umvute hakikunjuki. Sio nguvu inafunguka. Ukihema haraka kuliko mwili unavyohitaji unaitoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, damu inapunguza asidi yake, ile kalsiamu iliyo huru kwenye damu inashuka, basi mishipa ya fahamu inaanza kushtuka yenyewe na misuli inabana. Na mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, ndo maana mtu anapata na kizunguzungu. Mimi nilikuwa nainama mpaka uso wangu na wake ziwe sawa, namwambia shika bega langu, tupulize pamoja, polepole, kama unapuliza uji wa moto, na baada ya dakika chache unaona vidole vinalegea kimoja kimoja. Kwa hiyo kwenye mkono, ndio, umeambiwa kitu kisicho sahihi.

Lakini kwenye mishipa yenyewe nisikilize vizuri, usije ukatupa vyote.

Neno la hawa Wahindi wa yoga ni nadi, kwa Kisanskriti ni kama bomba au mfereji, na waganga wao wanalitumia hata kwa mapigo unayoyashika kwenye kifundo cha mkono. Ile 72,000 iko kwenye Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Svatmarama cha karne ya 15. Ila ukifungua Shiva Samhita, kitabu kingine cha yoga, unakuta 350,000, na Katha Upanishad, andiko takatifu la Wahindu ambalo ni la zamani kuliko hivyo viwili, inasema moyo una njia 101, moja inapanda mpaka utosini. Kama mtu alikuwa anahesabu kwa kisu na meza namba zisingepishana hivyo. Mi naamini walikuwa wanasema ni nyingi mno, halafu wanakuonyesha tatu za kushika, Ida ya kushoto ambayo ni mwezi na ubaridi, Pingala ya kulia ambayo ni jua na joto, na Sushumna ya katikati kwenye uti wa mgongo.

Na kuna mtu alishachukua kisu kweli. Dayananda Saraswati, yule Mhindi aliyekuja kuanzisha Arya Samaj, jumuiya ya dini ya Kihindu, kule Bombay mwaka 1875 (ndo hao hao wenye hekalu na shule Nairobi). Alipokuwa kijana bado anatafuta walimu, miaka ya 1850, alikuwa anatembea na hivi vitabu vya yoga, siku moja akaona maiti inaelea mto Ganges. Amesimulia mwenyewe kwamba aliingia majini akaivuta ukingoni, akaipasua, akautoa moyo, akaangalia kuanzia kitovuni mpaka mbavuni, akaangalia na kichwa na shingo, huku analinganisha na maandishi. Hakuna kilichofanana. Akavichana vitabu akavitupa mtoni pamoja na maiti. Hii habari niliposoma mara ya kwanza niliifunika nikakaa kimya muda mrefu, manake mimi nimeona matumbo yaliyofunguliwa na najua hakuna Ida wala Pingala mle. Lakini angalia alichofanya baadae, mtu huyo huyo aliendelea kufundisha pranayama, zoezi la pumzi, mpaka kwenye kitabu chake kikubwa. Ramani aliitupa mtoni, pumzi akabaki nayo.

Mimi sijafika hata pa kuitupa ramani, na sababu ni lugha yetu wenyewe. Sisi tunasema mshipa kwa damu, mshipa kwa fahamu, mshipa hata kwa ngiri, na bibi yako akiumwa kiuno alikuwa anasema mshipa umempanda. Leba kila siku nilikuwa nasikia chango, nesi chango linanisumbua. Hakuna daktari amewahi kufungua tumbo akalikuta chango limekaa pale, ila yule mama halikuwa neno tupu kwake, kuna kitu anakisikia kinatembea kutoka hapa kwenda pale na anakueleza kwa neno alilorithi, na mkunga akimcheka anapoteza habari muhimu. Nadi nazichukulia hivyo hivyo, ni maneno ya watu waliokaa miaka wakisikiliza mwili kwa ndani macho yamefumbwa.

Na walisikiliza vizuri! Chukua kioo kidogo sasa hivi ukiweke chini ya pua, toa pumzi, mara nyingi utaona ukungu wa upande mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Baada ya masaa kadhaa zitabadilishana, nyama za ndani ya tundu moja zinavimba kidogo na za lingine zinanywea. Daktari wa Ujerumani, Richard Kayser, aliliandika hilo mwaka 1895, wakati Wahindi walikuwa na maandiko yao kuhusu kupokezana huko kwa mwezi na jua siku nyingi kabla yake.

Unakumbuka yule mama wa Kigujarati wa nyumba ya nyuma Tanga, mwenye mrihani kwenye chungu uani? Kipindi nikitoka zamu ya usiku silali, yeye ndo alinionyesha. Gumba la kulia linafunga tundu la kulia, unavuta kushoto, unafunga kushoto kwa kidole cha pete, unatoa kulia, unavuta kulia hapo hapo, unatoa kushoto, basi mzunguko mmoja. Hakunihesabia hata moja katika zile za kubana pumzi, yaani unahesabu 16 ukivuta, 64 ukishika, 32 ukitoa. Mwaka mzima nilikuwa navuta nne natoa sita tu. Nikimwomba ya kubana anasogeza mkono wangu chini, anasema bado. Baadae nikakuta kwenye kitabu kile kile cha Svatmarama, pumzi ifugwe kama simba, tembo na chui milia wanavyofugwa, kidogo kidogo, la sivyo inamuua mwenyewe. Hata ile ya haraka uliyofanyishwa, bhastrika, ndo mvukuto wa mhunzi, wenyewe wanaandika mwili ukichoka unaacha, unavuta moja kwa kulia unatulia.

Kuhusu rozari uliyoniuliza mwishoni, kama nasaliti imani kwa haya ya yoga, mwaka 2001 Luciano Bernardi, daktari wa Pavia kule Italia, na wenzake walipima watu 23 wakisali Ave Maria kwa Kilatini na wakitamka mantra ya yoga, yaani maneno matakatifu ya kurudia rudia, zote mbili zikawashusha kwenye pumzi karibu sita kwa dakika, moyo na presha vikaenda pamoja. Mimi nasali kwanza, halafu ndo nafunga pua.

Darasani rudi ukitaka, ila mwambie mwalimu wazi mkono ulijikunja na ya mvukuto hufanyi, akikulazimisha ondoka. Ukija Pasaka nitakuwekea vidole puani mwenyewe, kwa maandishi haikai vizuri. Sasa nijibu hili leo leo, ganzi imeisha kabisa au inakurudia hata ukiwa umekaa tu? Kama inarudi nenda ukapimwe damu, usinisubiri mimi.

Mama