Maswali ya wasomaji: machweo baharini, na kwanini maji ni muhimu kuliko jua

SWALI: Habari za kazi kaka. Napenda sana kupiga machweo baharini, nina kamera ya kubadilisha lenzi na sio mbaya, ila kila nikirudi nyumbani nakuta kitu kile kile, ama anga imetoka nyeupe kabisa pale kwenye jua, ama anga iko poa halafu mchanga na miamba nyeusi tii. Na ile rangi ya chungwa niliyoiona kwa macho yangu sijui inapoteleaga wapi. Nakosea nini?

JIBU: Nzuri dada. Macho yanaweza kuona jua na mwamba wa kwenye kivuli kwa pamoja, kamera haiwezi, lazima kimoja kiumie. Na ukiiachia oto inachagua vibaya maana yenyewe inataka kila picha iwe na mwanga wa kati, ikiona miamba meusi mingi inaongeza mwanga, anga inaungua, yaani inatoka nyeupe tupu. Sasa fanya hivi, weka modi ya M, ile unayopanga mwanga mwenyewe, elekeza kamera kwenye anga pembeni ya jua, jua lenyewe lisiwemo, upimie mwanga hapo, ukishapanga ndo urudi kwenye picha yako. Na piga RAW tafadhali, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kwasababu kilichoungua hakirudi ila kivuli ndani ya RAW unaweza kukinyanyua baadae.

Kuna wanaopiga picha 3 za kitu kimoja kwa mwanga tofauti halafu wanaunganisha. Baharini mimi siipendi sana hiyo, mawimbi hayakusubiri, picha tatu mawimbi matatu tofauti na ukiunganisha inaonekana. Bora filta ile ya juu giza chini wazi, bahari imenyooka kwahiyo inakaa vizuri, isipokuwa pakiwa na jabali limechomoza juu ya mstari wa bahari, nalo litakuwa jeusi kichwani.

Rangi ya chungwa anayeifuta ni oto ya rangi, inadhani ni kosa inairekebisha. Nenda kwenye mpangilio wa rangi (white balance), toa oto, weka alama ya jua au ya wingu uone.

Halafu kitu kingine ambacho kinaniuma kila siku, watu wanafunga mabegi jua likishazama! Karibu na Ikweta jua linashuka wima, likishagusa maji ni kama dakika 2 tu limeisha, ila baada ya hapo una dakika 20 na kidogo za mwanga, na yale mawingu ya juu kabisa, membamba, bado yanalipata jua kutoka chini wakati wewe uko kivulini, hapo ndo yanawaka. Picha zangu nyingi ninazozipenda nimepiga ufukweni pakiwa pamebaki mimi tu.

SWALI: Kaka nisaidie, nilienda ufukwe mmoja jioni nikakuta mchanga umelowa unang'aa kama kioo, anga yote iko chini, picha zikatoka nzuri ajabu. Wiki iliyofuata nikarudi saa ile ile nikakuta maji yamejaa mpaka juu, mchanga hakuna. Kuna namna ya kujua kabla?

JIBU: Ipo ndugu yangu, na hili swali nilikuwa nalisubiri maana watu wanaangalia saa ya jua kuzama tu, wakati jua linabadilika kidogo sana wiki hadi wiki, maji ndo yanabadilika. Pwani nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, sasa zidisha mara siku 7 unapata karibu masaa 6, yaani kutoka kupwa hadi kujaa kabisa. Ndo kilichokukuta. Ukisubiri wiki nyingine tena, maji yatakuwa yamepwa jioni kama mwanzo. Pata jedwali la maji la sehemu yako, utafute siku ambayo maji yanapwa karibu na muda jua linapozama. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, yanatoka mbali sana na kurudi mbali sana, katikati ni maji mafu, hayaendi mbali.

Mimi napenda maji yakiwa bado yanatoka, kila wimbi linaacha mchanga mbichi usio na nyayo. Tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, izamishe miguu mchangani kabla hujapiga, weka shata, yaani muda kamera inaoachia mwanga uingie, kati ya robo sekunde na sekunde moja, na bonyeza wimbi linaporudi, sio linapokuja, ukisubiri lirudi povu linachora mistari inayokupeleka mpaka kwenye jua. Likija linatoka ukungu tu. Futa lenzi kila baada ya dakika chache, chumvi haionekani mpaka jua liipige. Nyumbani osha tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Ila ukiwa kwenye miamba na maji yanaanza kujaa, ondoka, hata kama anga ndo kwanza inawaka. Njia uliyopita kwa miguu inaweza isiwepo, na mtu aliye na jicho kwenye kamera hasikii maji yakizunguka nyuma yake.

SWALI: Kwetu bahari iko mashariki, jua linazama nchi kavu. Nisahau machweo?

JIBU: Usisahau, lipe jua mgongo. Likishazama tazama juu ya bahari, utaona mkanda wa pinki na chini yake bluu nzito, ile bluu ni kivuli cha dunia yenyewe. Na mwezi mpevu unachomoza huko huko baharini karibu na muda jua linapozama. Nenda siku moja kabla haujajaa kamili, unatoka mapema kidogo wakati maji bado yana mwanga, kwahiyo mwezi na bahari vinaingia kwenye picha moja bila mwezi kuungua.