Ukishampiga ayala, kaa chini

Simu za wawindaji, Oktoba na Novemba, huanza kulia giza likishaingia. Anayepiga huwa bado anahema. "Nimempiga, nina hakika nimempiga, lakini ameingia msituni na damu siioni tena." Kabla sijamuuliza habari ya bunduki wala risasi, namuuliza: mko wangapi hapo, na mmekanyaga wapi? Akiniambia wako watano, wana tochi, na wameshazunguka kichaka kwa saa nzima, najua kesho Nuru atakuwa na kazi nzito.

Nuru ni mbwa wangu, jike wa jamii ya mbwa wa damu wa Bavaria, rangi ya majani makavu, uso mweusi kama aliyeuchovya kwenye masizi. Tunaishi chini ya milima ya Harz, Ujerumani. Kazi yetu ni kumtafuta mnyama aliyepigwa risasi asife palepale, au aliyegongwa na gari akakimbilia porini. Wajerumani humwita mbwa wa namna hii Schweißhund, yaani mbwa wa jasho, kwa kuwa katika lugha ya wawindaji wao damu ya mnyama huitwa jasho.

Nimetumia neno ayala makusudi. Wengi husema kulungu, lakini kulungu wa kwetu ni jamaa ya tandala na pofu, na pembe zake hudumu maisha yote. Ayala huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, na Afrika kusini mwa Sahara hatuna ayala wa asili. Wengi wetu tumelijua jina lake katika Zaburi ya 42, ayala mwenye shauku ya mito ya maji. Huku nilipo yupo yule mkubwa mwekundu, na yupo mdogo wa kimo cha mbuzi ambaye Wajerumani humwita Reh. Huyo mdogo ndiye anayenitoa nyumbani mara nyingi zaidi.

Nilikulia Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, baba akilima vitunguu. Jirani zetu Wahadzabe walikuwa wakimpiga mnyama mshale wa sumu, halafu wanakaa. Wanavuta tumbaku, wanazungumza, saa zinapita, ndipo wanainuka kufuata nyayo. Utotoni sikuelewa kwa nini hawakimbii. Leo ndilo jambo la kwanza ninalomwomba kila anayenipigia simu. Weka alama pale mnyama aliposimama ulipofyatua, weka nyingine pale ulipomwona mara ya mwisho, kisha ondoka na wenzako wote.

Mnyama aliyejeruhiwa asipofukuzwa hulala mapema, mara nyingi ndani ya mita mia chache. Akishalala anadhoofika, na wengi hufia hapohapo. Akisikia hatua nyuma yake huinuka kwa woga na kwenda mbali mno, utumbo ukiwa umetoboka, damu ikiwa imeziba ndani na haidondoki tena. Mwenye jeraha la tumbo mpe saa tatu au nne kwa uchache, na kama ulimpiga jioni, basi ni asubuhi. Mtu ataniuliza, na nyama je? Usiku wa joto nyama inaweza kuharibika, ni kweli, na inauma. Hata hivyo mnyama anatafutwa. Hatumtafuti kwa ajili ya jiko tu.

Wakati unasubiri, kumbuka alifanya nini risasi ilipompata, kwa sababu mimi nitakuuliza. Aliyeruka mbele kwa nguvu mara nyingi amepigwa kifuani. Aliyekunja mgongo na kurusha miguu ya nyuma amepigwa tumboni. Anayenitia hofu kuliko wote ni yule aliyeanguka kama aliyepigwa na radi. Risasi inaweza kuwa imegusa tu ncha za juu za mifupa ya uti wa mgongo. Mnyama anazimia, na baada ya muda mfupi anasimama na kutokomea bila kuacha damu ya maana. Mwindaji ameshaweka bunduki chini, anapongezwa. Ukiona ayala ameanguka namna hiyo, jaza risasi nyingine na uendelee kumlenga.

Kukipambazuka, kazi yangu huanza kwa magoti, pua yangu karibu na ardhi kabla ya pua ya Nuru. Damu nyangavu yenye povu la waridi ni ya mapafu, na huyo kwa kawaida hayuko mbali. Damu nzito iliyoiva kuelekea weusi ni ya ini. Majimaji ya kahawia au ya kijani yenye harufu ya majani yaliyochacha yametoka tumboni. Kipande cha mfupa chenye ukingo mkali kama kigae cha chungu ni cha mguu, na hapo najua nahitaji mbwa mwenye mbio na sauti, kwa kuwa ayala wa miguu mitatu anakimbia kuliko unavyofikiri. Beba karatasi nyeupe ya chooni mfukoni. Wakati wa vuli majani ya miti mingi huku hutoa madoa mekundu ambayo yameshawadanganya watu wengi. Lowesha karatasi, gusa doa. Damu itaacha rangi. Jani halitaacha kitu.

Hilo la karatasi nimelijua kwa gharama. Msimu wetu wa kwanza, Nuru akiwa na miezi kumi na sita, tuliitwa kwa ayala jike aliyepigwa chini ya kifua. Tulikwenda vizuri mita mia tatu. Kisha Nuru akakata kushoto, akateremka kuelekea kijito, kamba ikanikaza mkononi. Mimi nikaona wekundu kwenye majani upande wa kulia. Nikamvuta. Alinitazama, akarudi kushoto. Nikamvuta tena, safari hii kwa sauti kali, na mbwa mchanga aliyefunzwa kumtii bwana wake akatii. Tulitembea kulia hadi saa sita mchana, tukarudi mikono mitupu. Siku mbili baadaye mama mmoja aliyekuwa akiokota uyoga alimkuta yule jike kando ya kijito, mbweha wameshamla nyuma. Palikuwa mita themanini kutoka pale nilipomvuta Nuru. Kile chekundu cha kulia kilikuwa madoa ya majani. Sijawahi kumsahau mnyama yule, na ndiye sababu ya kuandika haya.

Watu hudhani mbwa anafuata damu. Damu ni sehemu ndogo tu. Ayala ana tezi katikati ya kwato, na kila anapokanyaga anaacha harufu yake mwenyewe, si ya ayala yeyote. Ongeza harufu ya udongo uliotifuliwa, ya majani yaliyovunjika, na ya mwili ulio katika maumivu. Ndiyo maana mbwa mzuri huendelea pale ambapo macho yako hayaoni hata tone, na hupita katikati ya nyayo mpya za ayala wazima bila kugeuka. Umande na ubaridi humsaidia. Jua kali lenye upepo mkavu humtesa. Mvua ya wastani haimshindi kama watu wanavyoogopa. Usighairi kuita mbwa kwa sababu usiku kumenyesha.

Mafunzo yanaanzia hapo kwenye harufu. Nilimchukua Nuru akiwa na wiki kumi, na wiki ileile nilimburutia kipande cha ini la ayala kwenye nyasi, hatua ishirini, mwisho nikaweka ngozi. Aliikuta, akaing'ang'ania, nikamsifu kama aliyeleta mahari. Baada ya hapo ni kuongeza taratibu: mita hamsini, mia moja, kona ya kwanza, kona ya pili, njia ya saa mbili, ya saa sita, ya kulala usiku. Damu naiweka kwenye chupa ndogo ndani ya friza, na naidondosha kwa sponji iliyofungwa kwenye fimbo. Iwe kidogo. Katika mtihani mkubwa wa kufuata damu hapa Ujerumani, njia ya mita 1000 hutengenezwa kwa robo lita tu ya damu, na inakaa saa 20, au 40 kwa daraja la juu, kabla mbwa hajaletwa. Ukimwagia mwanafunzi wako nusu lita kwenye mita mia, unamfundisha kuwa mvivu wa pua, na siku damu itakapokauka msituni atakuinulia kichwa akuulize wewe.

Mimi napenda zaidi viatu vya kwato. Ni soli zenye vibanio vinavyoshika miguu ya ayala aliyekufa, unavivaa na kutembea navyo, ili harufu ya kwato iingie ardhini kila hatua. Miguu, damu na ngozi ya mwisho viwe vya mnyama mmoja. Njia niiweke alama kwa vibanio vya nguo kwenye matawi, kwa upande ambao sivioni mpaka nimeshapita, maana nikiviona mapema nitaanza kumwongoza mbwa bila kujijua. Bora zaidi, mwombe rafiki aitengeneze njia na asikuambie imepita wapi. Mara ya kwanza utaingiwa na jasho. Ndipo utakapoanza kumtazama mbwa badala ya kutazama ardhi.

Kumtazama mbwa ndiyo shule yenyewe, na haina mwisho. Nuru akiwa kwenye njia, pua iko chini, mgongo umelala, mkia unapepea polepole kwa mwendo usiobadilika. Akiikosa, kichwa hupanda kidogo na mkia husimama. Hapo mimi nasimama kama mti. Sisemi. Namwachia kamba yote, mita kumi za ngozi, azungukie mwenyewe mpaka aipate. Akiipata, mkia huniambia kabla ya kitu kingine chochote. Kosa la wengi, na langu la miaka ya mwanzo, ni kumsogelea na kumwonyesha kwa kidole.

Usimfanyishe kila siku. Njia moja ngumu kwa wiki inatosha kabisa. Nyingi nyepesi zitamchosha na kumfanya akimbie ovyo. Na usianze kwa kununua mbwa bingwa. Mbwa wa Hannover, ambao chama chao kipo tangu 1894, na hawa wa Bavaria, wenye chama tangu 1912, wamezaliwa kwa kazi hii. Ukiwa na simu tatu kwa mwaka unamtesa. Dachshund mwenye manyoya magumu, yule mfupi wa miguu, ni mfanyakazi hodari kwa ayala wadogo. Nimeona hata Labrador akifanya maajabu.

Sheria usiibahatishe. Sweden inataka mbwa wa kutafuta majeruhi aweze kufika ndani ya saa mbili baada ya risasi. Marekani kila jimbo lina yake, na mengi huruhusu mbwa akiwa kwenye kamba tu. New York iliruhusu mwaka 1986 baada ya watu wachache kufanya majaribio kwa kibali maalumu. Kwa msomaji wa Kenya, uwindaji wenyewe umepigwa marufuku tangu 1977.

Hapa kwetu, mnyama akiinuka bado yu hai, naweza kumwachia Nuru amfukuze na kumbwekea mahali pamoja hadi nifike na bunduki. Namwachia nikiwa nimemwona mnyama au nimekuta kitanda chake kikiwa na joto, na shingoni ana kifaa cha GPS. Kwa nguruwe pori namvalisha fulana nene ya kujikinga na meno. Nyama mbichi ya nguruwe pori haonji kamwe, kwa sababu ya ugonjwa wa Aujeszky, ambao ukimpata mbwa hauna dawa.

Oktoba iliyopita tuliitwa kwa dume la Reh lililopigwa tumboni saa moja jioni. Kijana aliyempiga alikuwa peke yake, akafunga utepe kwenye miti miwili, akaenda nyumbani. Nilimshukuru kwa hilo kabla hata ya kumsalimu. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nuru alinusa pale penye utepe kwa muda mrefu, akavuta pumzi hadi mashavu yakatetemeka, akaondoka. Upande ule wa Harz misprusi iliuawa na wadudu wa magome, na magogo yamelaliana kama njiti zilizomwagika. Tuliyapanda, tukatambaa chini yake. Baada ya mita mia mbili damu iliisha. Mita mia nne, hakuna kitu. Kijana alikuwa nyuma yangu akininong'oneza kwamba labda tumepotea. Tulipofika kwenye njia ya magari Nuru alivuka, akasimama mbele ya jimbi moja, akaweka pua chini ya jani na kuiacha hapo.

Niliinama nikaligeuza jani. Upande wa chini kulikuwa na doa la kahawia, dogo kama mbegu ya pilipili. Karatasi iliondoka na rangi.

Dume tulilikuta mita mia na hamsini mbele, limelala kwenye nyasi ndefu, kichwa kikiwa juu lakini halina nguvu ya kuinuka. Risasi moja ikamaliza. Kijana alivunja tawi la msprusi, akaligusisha damu, akanipa kama desturi yao inavyotaka, nami nikalikata nusu na kuichomeka kwenye kola ya Nuru. Kisha nikakaa kwenye gogo nikamchunguza nyayo zake moja moja, nikatoa mwiba mmoja na kupe wawili. Alikuwa ameshalala.