Mjomba anataka kurudi kuishi kwake, wanasema haiwezekani

SWALI: Dada shikamoo. Mimi niko huku Marekani, mjomba wangu ana miaka 71 alipigwa kiharusi upande wa kushoto, hospitali wakampeleka nasingi homu (kituo cha kutunza wazee na wagonjwa) kwa ajili ya mazoezi tukaambiwa ni wiki chache tu, sasa ni miezi minane na apatimenti yake ilishaachiwa. Akili iko sawa kabisa, anakula mwenyewe, ila kuoga na kuingia kitandani lazima ashikwe. Kila nikienda ananiuliza narudi lini. Yule ofisa ustawi wa jamii wa pale kasema haiwezekani kwa sababu nyumbani mchana hakuna mtu, mimi napiga shifti, halafu kwangu ni ghorofa ya pili hamna lifti. Analipiwa na Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ni kweli ndo basi tena? (Mpwa mwenye mawazo)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hapana, si basi tena. Hilo neno "haiwezekani" mara nyingi maana yake ni sina muda wa kulihangaikia, na kwa kweli simlaumu sana maana ana wagonjwa wengi mkononi, lakini kauli ya mwisho si yake. Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Olmstead ilisema kumfungia mtu mwenye ulemavu kwenye taasisi bila sababu wakati angeweza kuishi mtaani na wenzake ni ubaguzi, kwa sheria ya ulemavu ya 1990. Wale kina mama wawili wa Georgia waliohusika, Lois Curtis na Elaine Wilson, wao walikuwa hospitali ya akili si nasingi homu, madaktari wao walishasema wanaweza kutoka na bado wakaendelea kukaa mle ndani. Ila hukumu yenyewe ina masharti usije ukaenda kupigana na watu na nusu ya habari: wataalamu waone anaweza kuishi nje, yeye mwenyewe asiwe anakataa, na jimbo liwe linaweza kumhudumia kwa uwezo lilionao bila kuwavuruga wengine.

Sasa hiyo ya "mchana hakuna mtu". Kaa nao chini mwandike mjomba anahitaji mkono wa mtu saa ngapi na kwa kazi gani. Kuoga ni asubuhi. Kitandani ni asubuhi na usiku. Mtu anayejilisha na akili yake timamu hahitaji kulindwa kutwa nzima. Kinachowakwamisha wengi ni choo, hasa usiku, hapo ndipo pa kubana: muulize mtu wa mazoezi kama mjomba anaweza kufundishwa kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha choo kikiwa pembeni yake hapo hapo, na kama hawezi leo anahitaji mazoezi gani ili aweze. Hilo likipata jibu mengine yote yanalegea. Na msaidizi si lazima atoke kampuni, majimbo mengi yanamruhusu mgonjwa achague mwenyewe wa kumsaidia, hata ndugu, na Medicaid ikamlipa.

Kuna kitu wengi hawakijui. Mle ndani kila baada ya miezi mitatu hivi wanamfanyia tathmini, na kuna sehemu inaitwa sehemu ya Q ambapo mkaaji anatakiwa aulizwe yeye mwenyewe kama anataka kuongea na mtu kuhusu kurudi kuishi nje. Akisema ndiyo wanapaswa kumuunganisha na wakala wa eneo hilo anayeshughulikia mambo hayo, hawana ruhusa ya kuamua kwanza kama inawezekana au la. Sasa jiulize, mjomba aliulizwa? Au aliulizwa Kiingereza cha mbio akaitikia tu yes yes? (Wazee wetu kwa hiyo yes wamesaini mengi.) Kituo kinachopokea hela za serikali kuu kinatakiwa kuleta mkalimani bure, na asiwe wewe wala mtoto wako, maana mbele ya ndugu mtu anaficha anachotaka ili asiwe mzigo. Omba tathmini irudiwe kuna mkalimani, usisubiri hiyo miezi mitatu.

Hela. Kuna mpango wa kuwasaidia watu kutoka nasingi homu unaitwa Money Follows the Person, ulianzishwa na sheria ya 2005, haupo kila jimbo lakini upo mengi, na umeshawatoa watu zaidi ya 100,000. Zamani ilikuwa lazima mtu awe amekaa siku 90, tangu 2021 ni siku 60, mjomba kwa miezi minane kashapita mbali. Programu za namna hii zinaweza kulipa dipoziti ya nyumba, kuunganisha umeme, kitanda na vyombo vya kuanzia, kuhamisha vitu. Kodi ya kila mwezi na chakula ni juu yake mwenyewe. Usishangae hana akiba hata senti, mtu aliyeko mle kwa Medicaid pensheni yake karibu yote inakwenda kwenye kituo anaachiwa hela ya mfukoni, kiwango cha chini kabisa kisheria ni dola 30 kwa mwezi ingawa majimbo mengi yanatoa zaidi. Siku akitoka pensheni inarudi kwake, lakini hairudi yenyewe: kama kituo ndicho kinapokea hela yake ya Social Security (hiyo pensheni ya serikali) kwa niaba yake nenda mkabadilishe mapema, la sivyo mwezi wa kwanza atakaa kwake bila kodi.

Kwako ghorofa ya pili bila lifti sahau kabisa, utamtoa kwenye jela moja umtie kwenye nyingine. Nyumba ndiyo itakula muda kuliko yote kwa hiyo ombeni nyumba za bei nafuu leo, sehemu nyingi kwa mpigo, hata kabla makaratasi mengine hayajakaa sawa. Wakati huo huo muandikishe kwenye orodha ya huduma za nyumbani za Medicaid, maana nasingi homu mtu akistahili analipiwa moja kwa moja ila huduma za nyumbani nafasi zinahesabiwa na foleni ni ndefu (mimi naona imekaa kichwa chini miguu juu). Uliza hivi: kuna nafasi zilizotengwa kwa wanaotoka nasingi homu? Sehemu nyingine zipo na hawazitangazi.

Wa kuwapigia: kituo cha maisha ya kujitegemea cha eneo lenu (hivi ni vya kusaidia wenye ulemavu), tangu 2014 sheria inavitaka visaidie watu kutoka nasingi homu, na pia ombudsman, yaani mtetezi wa wakaaji wa nasingi homu, huyo hachukui hata senti. Usipojua walipo piga 1-800-677-1116, ni laini ya serikali ya kuelekeza wazee na familia zao.

SWALI: Baba yangu anaweza kutoka kabisa na sisi watoto tumeshapanga kila kitu lakini yeye kagoma. Tumshawishije?

JIBU: Msimshawishi. Muulizeni anaogopa nini, tena aulizwe na mtu asiye mtoto wake. Kuna anayeogopa kuanguka peke yake usiku, kuna ambaye marafiki zake wote sasa wako humo. La kwanza lina dawa, la pili huenda halina. Mpelekeni aione hiyo nyumba mchana mmoja arudi, mkiona bado anakataa basi anakaa.

SWALI: Mama kavunjika nyonga yuko nasingi homu wiki ya tatu, kaka anasema turudishe funguo za nyumba yake tusilipe kodi bure. Mama anapata SSI (ile hela ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato).

JIBU: Mwambie kaka atulie. Daktari akiandika kwamba mama hatarajiwi kukaa zaidi ya miezi mitatu, na mkathibitisha anahitaji kuendelea kulipia nyumba yake, SSI inaweza kuendelea kuja kama kawaida, ila hayo makaratasi yawafikie Social Security kabla hajatoka na yasipite siku ya 90. Kama ana hela nyingine inayochukuliwa na kituo kwa ajili ya Medicaid, majimbo mengine yanamwachia sehemu ya kulipia nyumba hadi miezi sita, nayo inataka barua ya daktari. Na zile siku 100 za nasingi homu mnazosikia zinalipwa na Medicare (bima ya afya ya serikali ya wazee) si ahadi, 20 za kwanza ndizo zinalipwa zote, baada ya hapo kuna mchango wa kila siku, na wanakata wakiona hahitaji tena wataalamu. Barua ya daktari ombeni wiki hii.