Mabapa ya kaboni ya mtumba kwa kazi ya vizimba: yakague hivi kabla hujatoa hela

Mleta mada kapata mabapa mawili ya kaboni ya mtumba, yaani yale majani marefu ya mapezi ya kuzamia yanayovaliwa miguuni, marefu ya sentimita 80, bila viatu vyake vya raba. Anataka kuyafunga kwenye viatu vya mapezi yake ya zamani ya plastiki, ayatumie kukagua nyavu za vizimba vya kufugia sato huku Ilemela, Mwanza, Ziwa Victoria. Mkuu mwingine kauliza kama mapezi hayo yanafaa kuchoma sangara kwa bunduki ya mshale. Wa pili jibu lake fupi: bunduki hiyo imo kwenye zana zilizokatazwa na Kanuni za Uvuvi. Tuendelee na mapezi.

Kwa kizimba, mkuu, kaboni ya sentimita 80 si chombo chake. Sifa ya kaboni ni wepesi na kurudi haraka ikishapindwa. Teke moja linakusukuma mbali na paja halichoki. Faida hiyo unaiona ukishuka mita 15 au 20 na kurudi kwa pumzi moja, mara nyingi kwa siku. Wavu wa kizimba ukining'inia mita 5 au 6, unafika chini kabla mapezi hayajaanza kukulipa. Ukifika unatakiwa kugeuka, kurudi nyuma, kusimama wima ukipapasa tundu moja baada ya jingine, na maji ya ghuba mara nyingi yanakuonyesha mita moja au mbili tu. Hapo pembe ya bapa inachomeka kwenye tundu la wavu. Ukivuta kwa hasira, ama umechana wavu wa tajiri na sato wanatoka, ama umemegua bapa. Kazi hiyo inataka plastiki fupi na laini.

Ila kama bei ni nzuri na una mpango wa kuzamia kina, mbali na ghuba ambako maji ni safi zaidi, kagua hivi.

Kwanza hakikisha ni kaboni kweli. Kuna faibaglasi iliyotiwa rangi nyeusi, na kuna iliyovikwa tabaka moja la kaboni juu kwa urembo. Pima uzito: bapa la kaboni la urefu huo kwa kawaida liko kati ya gramu 200 na 300. Halafu omba ruhusa ukwangue kidogo kwa msasa ule mkia unaoingia ndani ya kiatu, pahali pasipoonekana. Faibaglasi itaonyesha weupe chini ya rangi. Ukiwa na multimita (kipima umeme), gusisha ncha zake mbili hapo ulipokwangua: kaboni inapitisha umeme, faibaglasi haipitishi. Muuzaji akigoma kukwanguliwa hata sehemu itakayofichwa na kiatu, mie ningemwachia mzigo wake.

Pili, tafuta tabaka zilizoachana. Ning'iniza bapa kwa vidole viwili, gongagonga kwa sarafu ya mia mbili kuanzia mkiani hadi nchani, kila baada ya sentimita mbili. Bapa zima linalia kikavu, sauti ileile, ikibadilika kidogo kidogo unavyokaribia ncha kwa sababu huko ni kwembamba. Ukifika pahali sauti inadumaa ghafla kama umegonga kadibodi, hapo ndani pameachia. Rudia zaidi pale mbavu za kiatu (mipira miwili inayoshika kingo za bapa) zinapoishia, kwani bapa linakunjwa hapohapo kila teke, na mengi yanavunjikia hapo. Paangalie kwenye jua kwa pembeni. Mstari mwembamba wa kijivu unaokata bapa kwa upana ni ufa, hata kama ukucha haukwami. Ufa wa hivyo hauna fundi. Kipande kilichomeguka ukingoni kisichozidi ukucha, hicho kinazibika kwa epoksi ya mirija miwili.

Tatu, na wengi hawafanyi: linganisha ugumu wa hayo mawili. Kaza mkia wa bapa ukingoni mwa meza kwa jiliwa na vibao viwili vya mbao, ninginiza chupa ya maji ya lita moja nchani, pima kwa rula ncha imeshuka kiasi gani. Fanya vivyo hivyo kwa la pili, likiwa limetokeza urefu uleule. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, mabapa hayo si pacha, na mguu mmoja utafanya kazi kuliko mwenzake mpaka misuli ikukaze. Namba za ugumu zilizoandikwa usizifuate sana, kila mtengenezaji ana kipimo chake. Uliyezoea plastiki anza na laini. Bapa gumu linakula hewa yako kabla hujafika chini.

Sasa viatu. Vya plastiki ya kawaida vingi vimeumbwa pamoja na bapa lake, ukikata umeharibu vyote viwili. Unahitaji viatu vinavyouzwa peke yake, kwa mfano Pathos au Cetma, na mkia wa bapa lako uendane na umbo la ndani la kiatu. Vivae na soksi zako za neoprini za milimita 2 au 3, maana ndizo utakazovaa ziwani. Kisigino kisicheze, vidole visikunjwe. Kiatu kikilegea, kaboni yote hiyo haina maana, nguvu inapotea kwenye raba.

Kama mkia ni mpana, kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo baada ya kubandika selotepu ya karatasi juu ya mstari. Lowesha maji unapokata na kupiga msasa, vaa barakoa na glavu; vumbi la kaboni linawasha ngozi na si la kuvuta puani. Ukingo uliokatwa upake epoksi nyepesi ili maji yasipenye kati ya tabaka.

Kubandika: piga msasa namba 120 sehemu itakayoingia, futa kwa spiriti, acha ikauke. Gundi nzuri ni ile ya poliyuretheni wanayofungia vioo vya magari, inabaki na unyumbufu. Supaglu usiiguse, ikikauka inakuwa kama kioo na teke la kumi tu inakatika. Weka mstari mwembamba ndani ya mfuko wa kiatu na ndani ya mifereji ya mbavu zote mbili, sukuma bapa hadi mwisho, zungushia kamba ya mpira wa baiskeli, futa iliyotoka kabla haijashika. Kisha subiri. Juu juu itakauka siku hiyohiyo, lakini gundi hii hukauka kutoka nje kwenda ndani, mipira ya mbavu inaifunika, kwa hiyo ipe siku tatu kamili. Wanaoilaumu gundi wengi waliingia majini kesho yake. Kiatu kikitaka skrubu, iwe ya chuma cha pua na washa pana ya plastiki. Toboa ukiwa umeegemeza bapa kwenye ubao, la sivyo upande wa pili utachanika. Kaza hadi ishike tu.

Wale mliozoea kuzamia Dar, ziwa linabadilisha hesabu. Maji baridi yana msongamano mdogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo mtu wa kilo 75 aliyevaa suti ya kuzamia apunguze vipande vya risasi vya uzito kwenye mkanda karibu kilo 2. Na kwa kuwa ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ni nyepesi: mapafu yanafika nusu ya ukubwa wake kwenye mita 9 badala ya 10. Zibua masikio mapema. Mwenzako awe juu anakutazama, na mpumzike juu angalau mara mbili ya muda mliokaa chini. Ingieni kutoka kwenye mtumbwi, msipite kwenye matete ya ufukweni. Konokono wa kichocho wanapenda huko, na mawe ya Mwanza yanamegua ncha za kaboni kirahisi mno.

Ukimaliza, suuza, weka kivulini yakiwa yamelala bapa. Usiyaegemeze ukutani kwa ncha. Kwenye bodaboda yafunge juu ya ubao mwembamba, na ubao huo uwe mrefu kuliko mabapa kwa sentimita tano kila upande.